Draya zisizopata moto: volti 20 zilizopotea njiani

Saluni yenyewe ni chumba kimoja cha uani, Morogoro mjini, nyuma ya nyumba ya mwenye nyumba. Umeme wake unatoka kwenye meni swichi ya nyumba kubwa, unapanda darini, unapita juu ya kibaraza, kisha unafuata ukuta wa uani hadi chumbani. Ukiufuata kona kwa kona, ni mita 40 za waya wa 1.5, yaani shaba yenye unene wa milimita za mraba 1.5. Chumbani kuna soketi moja tu ya ukutani. Kwenye soketi hiyo kumechomekwa ekstensheni ya mita 5, na kwenye ekstensheni kuna draya mbili: kubwa ya kukalia na ndogo ya mkono.

Mwenye saluni alikuwa na malalamiko matatu. Draya hazipati moto kama zamani, mteja aliyekuwa akikauka kwa dakika 45 sasa anakaribia saa nzima. Uniti za LUKU zinakwisha haraka. Na plagi ya ekstensheni imeanza kupiga rangi ya kahawia ubavuni. Sababu alikuwa ameshaijua, na dawa alikuwa ameshaichagua: "Fundi, umeme wa mtaa huu ni mdogo. Nitafutie stabilaiza, hela ninayo."

Ninakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu stabilaiza ile, kifaa cha kupandisha volti, ingeweza kuichoma nyumba, na hesabu inayoonyesha hivyo ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Inahitaji namba mbili, volti na ampea, zilizosomwa vifaa vikiwa vimewashwa.

Nianze na maandishi yaliyo kwenye vifaa, maana watu wengi huyapita bila kuyasoma. Draya ya mkono imeandikwa 220–240V, 1850–2200W. Ile ya kukalia imeandikwa 220–240V, 900–1070W. Wati ni volti zikizidishwa kwa ampea, na ampea ni volti zikigawanywa kwa ukinzani, yaani omu. Ukiziunganisha kanuni hizo mbili unapata njia ya mkato ya kujua ukinzani wa kifaa cha moto hata kabla hujakiwasha: zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa wati.

Kwa draya ya mkono, 240 mara 240 ni 57,600. Gawanya kwa 2200, unapata omu 26.2. Jaribu na ncha ya chini: 220 mara 220 ni 48,400, gawanya kwa 1850, unapata omu 26.2 ile ile. Hapo ndipo kibandiko kinapoeleza siri yake. Mtengenezaji hakuandika wati mbili kwa sababu kifaa kina nguvu mbili. Waya wa kutoa joto ndani yake ni mmoja na ukinzani wake ni mmoja, bali wati zinapanda na kushuka kufuata volti utakazoupa. Draya kubwa nayo inatoa omu 53.8 kwa ncha zote mbili.

Zikiwaka pamoja zinapata volti zile zile, na mikondo yake inajumlika. Kwa volti 230, ambazo ndizo volti rasmi za majumbani Tanzania, draya ya mkono inavuta ampea 8.8 na kubwa inavuta 4.3. Jumla ni ampea 13 na kitu kidogo, sawa na wati 3000 hivi. Volti 230 zikigawanywa kwa ampea hizo zinatoa omu 17.6, na huo ndio ukinzani wa mzigo mzima wa saluni. Ndani ya draya kuna vimota vya feni pia, lakini sehemu yake ni ndogo na haiharibu hesabu. Waya wa nikromu unaotoa joto nao hubadilika kidogo sana ukinzani wake unapowaka, ndiyo maana tunaweza kuutegemea. Balbu ya zamani ya uzi wa tungsteni isingefaa hata kidogo, kwani ukinzani wake ikiwaka ni mara kumi au zaidi ya ule wa ikiwa baridi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mita tulijua jambo moja la hakika: saluni hii ikipata umeme kamili, draya zake mbili lazima zivute ampea 13. Zikivuta pungufu, kuna volti zimepotea mahali.

Kipimo cha kwanza kilifanyika draya zikiwa zimezimwa. Kwenye DB ya nyumba kubwa, yaani boksi la meni swichi na breka, mita ilisoma volti 233. Kwenye soketi ya chumbani, 233. Mwisho wa ekstensheni, 233. Fundi aliyetangulia alikuwa ameishia hapo, akamwambia mwenye saluni kwamba umeme wake ni safi na draya ndizo mbovu. Kipimo chake kilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba waya usiopitisha mkondo haupotezi volti hata moja, uwe mzima au uwe unashikiliwa na unywele mmoja wa shaba. Kinachopotea njiani ni ampea mara omu, na ampea zikiwa sifuri, kila kitu kinaonekana kizima.

Tukawasha draya zote mbili kwenye moto wa juu. Mita ya klampu, inayosoma ampea kwa kuubana waya, ilibanwa kwenye waya mmoja tu, waya wa moto unaoleta umeme; ukiubana waya wa moto na nyutro, waya wa kurudishia mkondo, kwa pamoja mita inasoma sifuri, maana mikondo miwili inafutana. Ilisoma ampea 11.8. DB ilishuka hadi volti 228. Mwisho wa ekstensheni, pale draya zilipochomekwa, mita ilisoma 208.

Vipimo hivi vichukuliwe kwa wakati mmoja, na kama ni mita mbili, ziwe zimelinganishwa kwanza pahali pamoja. Volti za mtaani hazitulii. Jirani akiwasha mashine ya kuchomelea, DB inashuka volti kadhaa ndani ya sekunde, nawe ukitoka DB kwenda chumbani na mita moja unarudi na tofauti isiyohusiana na waya wako. Georg Simon Ohm mwenyewe alihangaika na jambo hili. Betri za wakati wake zilikuwa zikidhoofika katikati ya jaribio, mpaka alipoziacha na kutumia viungo vya bismathi na shaba, ncha moja kwenye maji yanayochemka na nyingine kwenye barafu, ili apate msukumo usioyumba. Kanuni tunayoitumia leo aliichapisha mwaka 1827, na haikutoka mpaka chanzo cha umeme kilipotulia.

Sasa hesabu. Mzigo kwanza: volti 208 gawanya kwa ampea 11.8 ni omu 17.6. Ndizo zile zile tulizozipata kwenye vibandiko. Draya hazina kosa lolote, na shutuma dhidi yake ikafungwa hapo hapo bila kufungua skrubu. Nguvu zinazopata ni 208 mara 11.8, yaani wati 2454 badala ya 3000. Volti zimepungua kwa asilimia 10 tu ukilinganisha na 230, lakini wati zimepungua kwa asilimia 18, kwa sababu volti zikishuka ampea nazo zinashuka, na upungufu unahesabiwa mara mbili. Mteja wa dakika 45 anakuwa mteja wa dakika 55. Malalamiko ya kwanza yamepata maelezo.

Kisha njia ya umeme. Kutoka volti 233 za bila mzigo hadi 228 za wakati wa mzigo, DB imepoteza volti 5. Gawanya kwa 11.8, unapata omu 0.42. Hiyo ndiyo sehemu ya transfoma, nyaya za nguzoni na waya unaoingia nyumbani, yaani upande wa shirika la umeme. Kutoka DB hadi kwenye draya zimepotea volti 20. Gawanya kwa 11.8, omu 1.7. Kwa hiyo ule "umeme mdogo wa mtaa huu" ulikuwa umeme mdogo wa mita 45 za mwisho. Upotevu wa ndani ulikuwa mara nne ya ule wa nje, na barua ya malalamiko kwa shirika ingekwenda kwa mtu asiyehusika.

Volti 20 mara ampea 11.8 ni wati 236. Hizo hazifiki kwenye nywele za mtu. Zinageuka joto njiani, ndani ya dari, ndani ya ukuta, nyuma ya kioo. Kanuni za Uingereza za wiring, BS 7671, zinaruhusu zipotee hadi asilimia 5 kwa saketi zisizo za taa, ambazo kwa volti 230 ni 11.5. Hapa tulikuwa tumekaribia maradufu.

Lakini wati 236 ni jumla, na jumla peke yake haimwambii fundi aanzie wapi. Wati hizo zikisambaa sawasawa kwenye mita 45, nyumba inapoteza hela na hakuna zaidi. Zikijikusanya mahali pamoja, ni moto. Ikabidi kugawanya njia vipande vipande.

Soketi ya ukutani, ikipimwa nyuma yake kwenye skrubu huku draya zinaendelea kuwaka, ilisoma 212.1. Maana yake kutoka ukutani hadi mwisho wa ekstensheni zimepotea volti 4.1, na kutoka DB hadi ukutani volti 15.9.

Tuchukue ekstensheni. Waya wake ulikuwa wa 0.75, ambao haupaswi kubeba zaidi ya ampea 6, nao ulikuwa unabeba 11.8. Waya laini wa 0.75 una omu 26 kwa kilomita. Mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 5 za ekstensheni ni mita 10 za shaba, sawa na omu 0.26, sawa na volti 3.1. Zimebaki volti 1 kamili, nazo hazina pa kwenda isipokuwa kwenye mgusano wa plagi na soketi. Volti 1 mara 11.8 ni karibu wati 12, ndani ya plagi ya plastiki, siku nzima. Ndiyo ile rangi ya kahawia. Na ekstensheni yenyewe, wati 7 hivi kwa kila mita, ilikuwa imekunjwa na kufungwa nyuma ya kioo ili isisumbue miguu ya wateja. Ikinyooshwa, joto hilo linaondoka. Ikiwa imekunjwa, kila mkunjo unaupasha mwenzake.

Waya wa ukutani ukatupa kazi zaidi. Shaba ya 1.5 ina omu 12.1 kwa kilomita kwenye nyuzi joto 20. Mita 40 za kwenda na 40 za kurudi ni mita 80, sawa na omu 0.97, sawa na volti 11.4. Waya uliopashwa moto kidogo unaongeza ukinzani, takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi joto 10, kwa hiyo tukubali volti 12. Kipimo kinasema 15.9. Kuna volti karibu 4 ambazo shaba haikuzipoteza.

Hapo ndipo ngazi ilipoletwa. Juu ya kibaraza, pale waya unapotoka darini kwenda ukuta wa uani, palikuwa na kiungo. Rola ya kwanza iliishia hapo na ya pili ikaanzia hapo. Nyutro ilikuwa kwenye konekta ya skrubu, imekaa vizuri. Waya wa moto ulikuwa umesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi, na tepu ilikuwa imekakamaa, imeng'aa kama lami, huku ubao wa dari juu yake umebadilika rangi kwa upana wa kiganja. Prob moja, yaani ncha ya kupimia ya mita, iliwekwa upande huu wa msokoto na nyingine upande wa pili, draya zikiwaka. Mita ilisoma volti 3.9.

(Kipimo hiki si cha kujaribu mtu yeyote mwenye mita. Volti 3.9 ni tofauti kati ya pande mbili za kiungo, lakini kila upande una volti zaidi ya 220 dhidi ya ardhi. Mita iwe ya daraja la usalama la CAT III, prob ziwe nzima mpaka ncha, glovu ziwe za umeme, na ngazi iwe ya mbao au ya faiba. Mwenye nyumba asiye fundi aishie kupima kwenye soketi tu.)

Volti 3.9 gawanya kwa 11.8: omu 0.33. Volti 3.9 mara 11.8: wati 46. Waya mzima wa mita 40 unatoa wati 142, ambazo ni wati 3.5 kwa kila mita, na ukiushika mkononi ni vuguvugu. Msokoto ule wa sentimita tatu unatoa wati 46 peke yake. Pasi ya kuyeyushia risasi ambayo fundi redio huitumia mezani kwake ina wati kama hizo hizo. Hii ilikuwa imelazwa kwenye ubao mkavu, chini ya bati, juu ya kibaraza ambacho wateja hukaa kusubiri zamu, hatua chache kutoka rafu yenye chupa za asetoni ya kufutia rangi ya kucha. Nimewahi kusikia mafundi wakisema kiungo cha kusokota "hakina neno kama umekaza". Kina neno. Shaba inapanuka ikipata moto na kusinyaa ikipoa, msokoto unalegea kidogo kidogo, uso wa shaba unaota kutu, ukinzani unapanda, joto linaongezeka, na mzunguko unaanza upya kila asubuhi saluni inapofunguliwa.

Meni swichi ilipozimwa na kiungo kikapoa, tulikipima kwa mita ikiwa kwenye omu, kama wengi wanavyofanya. Ilisoma 0.4. Prob zenyewe zikigusanishwa zilisoma 0.3. Ukitoa, kiungo kina omu 0.1, na fundi mwenye haraka angekifungia tepu mpya na kushuka. Mita kwenye omu inapitisha mkondo mdogo sana, kiungo ni baridi, na ukinzani wa prob zake unakaribia au kuzidi kile unachokitafuta. Kwenye ukinzani mdogo wa namna hii, kipimo cha kuaminika ni kile cha kazini: volti za pande mbili za kitu, ampea zinazopita ndani yake, kisha ugawanye. Hapo omu 0.1 ya uongo ikawa 0.33 ya kweli. Na hata hiyo 0.33 mtu akiisoma peke yake ataiona si kitu, mpaka aizidishe kwa ampea, kisha kwa ampea tena, na kuona wati 46.

Tumerudi sasa kwenye stabilaiza, maana mwenye saluni alikuwa bado anaitaka, na kwa haki kabisa: kila mtu mtaani mwenye umeme mdogo ameambiwa anunue.

Stabilaiza haitengenezi umeme. Inapandisha volti kwa kuvuta ampea zaidi upande wa kuingilia. Tuiweke chumbani, ichukue volti za mwisho wa ekstensheni izifanye 230. Draya zitapata wati 3000 zake, mwenye saluni atafurahi. Lakini wati hizo 3000 lazima zipite kwenye omu zile zile 1.7. Ukitafuta mkondo unaotosheleza, tukidhani stabilaiza yenyewe haipotezi chochote na DB imebaki kwenye 228, unapata karibu ampea 14.8. Jaribu mwenyewe: 14.8 mara 1.7 ni volti 25, zinabaki 203 za kuingia, na 203 mara 14.8 ni wati 3004. Sasa upeleke mkondo huo juu ya kibaraza: 14.8 mara 14.8 mara 0.33 ni wati 72. Kiungo kilichokuwa kinaunguza ubao kwa wati 46 kingepandishwa hadi 72, nyongeza ya zaidi ya nusu, na hiyo ni kabla ya kuhesabu kwamba ukinzani wenyewe ungepanda kwa joto. Plagi yenye fyuzi ya 13 nayo ingebeba 14.8. James Joule alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1840 kwamba joto kwenye waya linafuata mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, na kwenye kisa hiki sheria hiyo ndiyo tofauti kati ya ubao uliobadilika rangi na ubao unaowaka.

"Dada, ukiweka stabilaiza draya zitapona na dari itaungua," ndivyo alivyoelezwa, na alipopandishwa kwenye ngazi kuuona ubao kwa macho yake hakuirudia tena habari ya stabilaiza.

Swali lake lililofuata lilikuwa zuri kuliko la kwanza: kama kulikuwa na hatari kiasi hicho, mbona breka haikuruka? Breka ya saketi hiyo ni ya ampea 16. Inaangalia ampea tu. Mkondo ulikuwa 11.8, na kiungo kibovu, kwa kuongeza ukinzani kwenye njia, kilikuwa kinaupunguza mkondo, si kuuongeza. Kwa macho ya breka, saketi yenye kiungo kinachoungua ni saketi tulivu kuliko saketi nzima. Breka ingeruka tu siku ambayo insulesheni ingeyeyuka na waya wa moto kugusa nyutro, yaani baada ya moto kuanza. Watu wanaolala usingizi kwa sababu wana breka mpya wanapaswa kulijua hili.

Kuhusu LUKU, alikuwa na haki nusu. Umeme mdogo haumfanyi mwenye draya alipe zaidi kwa saa. Analipa pungufu, maana wati zimeshuka. Kinachomla ni mambo mawili yanayokwenda pamoja. Draya inakaa muda mrefu zaidi kwa kila kichwa, na njia inachukua ushuru wake muda wote huo. Mita ya LUKU iko upande wa DB, inahesabu volti 228. Draya inapata 208. Kwa hiyo kila uniti 100 zinazofika kwenye nywele, mita imekata karibu 110. Kwa draya zinazowaka saa sita kwa siku, wati 236 ni uniti 1.4 zinazoishia darini kila siku ya kazi. Haitamfilisi, lakini ni umeme wa kununua moto wa kuunguzia nyumba ya mtu mwingine.

Matengenezo hayakuwa na ujanja wowote. Waya wa 1.5 uliondolewa wote, ukavutwa wa 4 kutoka DB hadi chumbani bila kiungo katikati. Wa 2.5 ungeweza kutosha kwa hesabu: mita 80 kwa omu 7.41 za kilomita ni omu 0.59, na kwa ampea 13 ni volti 7.7, ndani ya zile 11.5 zinazoruhusiwa. Wa 4 ulichaguliwa kwa sababu mwenye saluni alisema ataongeza vifaa, na kuvuta waya mara mbili ni gharama kuliko tofauti ya bei ya rola. Ukutani ziliwekwa soketi tatu, kila draya na yake, ili plagi moja isibebe mzigo wa wawili. Ekstensheni ya 0.75 ilikatwa plagi na kutupwa. Kuiacha chumbani ni kuhakikisha itatumika tena.

Vipimo vikarudiwa kwa mpangilio ule ule. Bila mzigo, 233 kila mahali, sawasawa na zamani, jambo linaloonyesha tena jinsi kipimo hicho kisivyosema kitu. Draya zikiwaka: ampea 12.6, DB 227.7, soketini 222.4. Volti zilizopotea ndani ni 5.3 badala ya 20, ukinzani wa njia ni omu 0.42 badala ya 1.7. Draya zinapata wati 2802, ongezeko la asilimia 14, na joto linalobaki njiani ni wati 67, nalo limesambaa kwenye mita 40 bila kituo. Angalia kwamba mkondo umepanda kutoka 11.8 hadi 12.6. Mtu anayedhani matengenezo mazuri yanapunguza ampea atashangaa, lakini kwa kifaa cha moto njia ikipona ampea zinapanda, na ndivyo inavyotakiwa.

Wati 3000 kamili hazikufikiwa, kwa sababu volti 5.3 nyingine zinapotea kabla ya DB, na huko fundi wa ndani hana ruhusa ya kugusa.

Kifaa alichotaka kuongeza kilikuwa birika la umeme la wati 2000, kwa ajili ya maji ya moto ya kuoshea. Kwa volti 230 birika hilo lina omu 26.5. Likiwaka pamoja na draya zote mbili, mzigo mzima unakuwa omu 10.6, njia yote kuanzia nguzoni ina omu 0.84, na 233 gawanya kwa jumla yake ni ampea 20.4. Waya wa 4 unazibeba, na volti zinazopotea kati ya DB na soketi zinakuwa 8.6, bado ndani ya 11.5. Breka ya 16 iliondolewa ikawekwa ya 25, jambo ambalo lingekuwa kosa kubwa kwenye waya ule wa 1.5. Draya zitashuka hadi volti 216 kwa zile dakika chache ambazo birika linachemka, kisha zitarudi. Alijibiwa kwamba anaweza kulinunua, alichomeke kwenye soketi ya tatu peke yake, na akiliona linachemsha taratibu kuliko kawaida asisubiri plagi ibadilike rangi ndipo aite mtu wa kupima.